Hela Umeirudisha Kwenye Sanduku, Ila Haikuwa ya Sanduku

Swali:

Shikamoo baba mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Uyole hapa Mbeya, nauza vitenge na pia ni mhazini wa kikoba chetu, tuko akina mama 24. Mwaka jana mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alinipa marejesho yake 180,000 mkononi, pale sokoni, maana siku ya kikao alikuwa anaenda Isyonje kufuata viazi. Mtoto wangu alikuwa amelazwa, nikaizungusha kidogo ile hela nikijua nitaiweka kabla ya kikao, ikashindikana. Kikao kilichofuata alipoulizwa akasema alishanipa, mimi nikasema sijapokea. Shetani alinipitia baba. Yule mama aliapa akalia ila hakuwa na shahidi, na wenzangu wakaniamini mimi kwa sababu naimba kwaya. Akalipa tena pamoja na faini 20,000, na tulipovunja kikoba Desemba akaondoka. Mwezi wa nane mimi hela yote nilishairudisha kwenye sanduku kimyakimya, nikaiandika kama michango ya mfuko wa jamii. Nimetubu sana. Nimeongozwa sala ya toba mara nne, nimefunga siku saba, ila nikisimama kuimba natetemeka na usiku silali. Rafiki yangu anasema ni roho ya hukumu niikemee. Kuna mtumishi kaniambia nitoe sadaka ya ukombozi 150,000, nimeshaitenga. Naomba kujua, Mungu amenisamehe au bado? Na kama amenisamehe mbona sina amani?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kuandika yote bila kukatakata, maana wengi wananiandikia nusu ya stori halafu wanataka jibu zima.

Nimeisoma meseji yako mara tatu na kuna sentensi moja imenikaa kooni, ile ya "hela yote nilishairudisha kwenye sanduku". Ngoja nikuulize kama vile tumekaa hapa jikoni kwangu tunaota moto: ile 180,000 ilikuwa ya nani? Sanduku lilishalipwa mwanangu. Yule mama alilipa mara ya pili, sanduku likawa limepata haki yake na faini juu. Kwa hiyo mwezi wa nane ulipoweka ile hela sanduku halikuwa linakudai hata senti, mwenye kudai alikuwa yule mama, na yeye mpaka leo hajapata kitu. Tena hiyo hela uliyoirudisha mligawana wote Desemba mlipovunja, na wewe mwenyewe fungu lako ulilipata humo. Sisemi hivi nikuumize. Nasema kwa sababu naona kabisa kwa nini huna amani, na wala sio roho chafu. Umefanya toba nyingi na za kweli ila zote umezipeleka anwani ambayo sio.

Sasa swali lako la kwanza, nalijibu kabla ya yote, na nalijibu kwa makusudi kabla sijakwambia cha kufanya, utaona kwa nini. Umeuliza Mungu amenisamehe au bado. Mtu aliyekuja kwa Yesu na dhambi yake bila kuificha anasamehewa, bure, na siku hiyo hiyo. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki atuondolee. Haisemi atafikiria, haisemi tukifunga siku saba au tukirudi mbele mara nne. Msalaba haukusubiri wewe upate hela.

Ila hapo kwenye "tukiziungama" pana kazi, na watu wengi tunapapita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Neno la Kigiriki lililotumika pale lina maana ya kusema sawasawa na mwingine, yaani wewe na Mungu muite kitu kimoja kwa jina moja. Hebu rudia kusoma ulichoniandikia. Umesema "nikaizungusha kidogo". Umesema "shetani alinipitia". Mwanangu, Mungu haiiti hiyo kuzungusha. Uliiba 180,000, halafu ukamshuhudia uongo mwenzako mbele ya watu 22, hayo ni makosa mawili na la pili ni zito kuliko la kwanza, maana la kwanza ulikuwa na mtoto wodini na hofu imekushika, hilo hata mimi nalielewa, ila la pili ulikuwa umekaa kwenye kiti, umetulia, daftari liko mapajani.

Hii ya shetani kunipitia mimi naichukia kidogo nisiwafiche. Huku kwetu ni kama kauli ya kujitoa, mtu kapigana, shetani kampitia, kala hela ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, shetani kampitia, kajaza lumbesa ya viazi gunia linaning'inia kama nyumba ya ghorofa, naye shetani kampitia. Shetani yupo na anajaribu, sikatai, Biblia inasema. Ila ile kauli sio mpya, Mwanzo 3 imo. Adamu alipoulizwa akasema ni huyu mwanamke uliyenipa, Hawa naye akasema nyoka alinidanganya. Hawakudanganya hata mmoja, kweli mwanamke alimpa na kweli nyoka alidanganya. Lakini hakuna aliyesema "nimekula" akaweka nukta. Daudi ndiye aliyeweza. Nabii Nathani alipomwambia wewe ndiwe mtu huyo, jibu lake kwenye 2 Samweli 12 ni fupi mno, nimemfanyia Bwana dhambi, basi. Hakumtaja Bathsheba kwamba alikuwa anaoga mahali pa wazi, hakutaja vita.

Najua kuna mtu anasoma hapa anataka kuniambia, mchungaji, si ndiye huyo huyo Daudi kwenye Zaburi 51 anasema nimekutenda dhambi wewe peke yako? Kwa hiyo mambo yangu na Mungu yanatosha, habari za kwenda kwa mtu ni za nini. Hilo nimelisikia mara nyingi sana, hasa kwa wanaume waliokula hela za watu. Jibu langu ni kwamba Daudi angetaka kwenda kwa Uria, mume wa Bathsheba, angemkuta wapi? Uria alishamuua. Alikuwa hana pa kwenda isipokuwa kwa Mungu peke yake, na hayo ndiyo mabaya kupita yote kwenye ile habari, kuna madeni ukichelewa hayalipiki tena hapa duniani. Wewe Uria wako yuko hai, kila siku anapanga viazi pale pale sokoni.

Kuhusu kuongozwa sala ya toba mara nne. Mke na mume wakigombana asubuhi hawaendi jioni kufunga ndoa upya, wanakaa wanayamaliza. We ulibatizwa, ulimwamini Kristo, huhitaji kuanza kuokoka upya kila Jumapili kwa kosa lile lile. Luther, yule mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha Uprotestanti, kwenye Katekisimu Ndogo ya 1529 alifundisha kwamba ubatizo maana yake ni mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, kila siku, sio siku moja ya mkutano wa injili na spika kubwa. Na hata zile hoja zake 95 za mwaka 1517, ya kwanza kabisa inasema Yesu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Yaani toba ni namna ya kuishi, ni kama kupalilia, hupalilii mara moja ukasema shamba limeokoka.

Ila nikikuangalia vizuri naona kule mbele kulikuwa kunakusaidia kitu kingine, na hapa naomba unisamehe kama nakosea. Kwenda mbele ya madhabahu, ambapo watu wanajua tu una mzigo ila hawajui mzigo gani, ni rahisi kuliko kwenda kwenye kile kibanda cha viazi. Mbele ya kanisa utalia na watu watasema mama huyu ana moyo wa toba. Pale kwenye viazi hamna kinanda. Mtu anaweza kabisa kumkimbilia Mungu ili asikutane na jirani yake, na Mungu anakataa kutumika hivyo, ndiyo maana Mathayo 5 Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, nenda kwanza ukapatane naye, ndipo urudi. Anasema ndugu yako ana neno juu yako, hasemi wewe una neno juu yake. Sasa wewe unatetemeka wapi? Unatetemeka kwaya, yaani madhabahuni kabisa. Mimi nasema hapo andiko linakufanyia kazi na rafiki yako anakwambia ulikemee. Usilikemee.

Warumi 8:1 ni kweli kabisa, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo. Lakini kutokuwa na hukumu sio sawa na kutokuwa na deni. Mahakama ya mbinguni imekuachia huru, mama wa viazi bado ana pengo la laki mbili na jina lililochafuka.

Nirudi nyuma kidogo nikwambie kwa nini nilianza na msamaha kabla ya deni, maana hapa ndipo imani yetu inapotofautiana na dini ya kawaida ya binadamu, ile tunayozaliwa nayo. Dini ya kawaida inasema lipa kwanza halafu utakubaliwa. Mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru, Luka 19. Watu wote tunamkumbuka kwa kupanda mkuyu na kwa kusema namrudishia mara nne, ila angalia mpangilio. Yesu alisimama chini ya mti akamwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Hapo Zakayo alikuwa hajarudisha hata shilingi. Watu wakanung'unika, kaingia kwa mwenye dhambi. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo akasimama na kutaja hela. Na hiyo mara nne haikuwa ya kawaida, Sheria ya Walawi 6 kwa aliyeungama mwenyewe ilitaka arudishe mtaji wote na kuongeza sehemu ya tano tu, mara nne ilikuwa ni ya mwizi wa kondoo aliyeshamchinja au kumuuza, Kutoka 22. Zakayo alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa wakati hakuna aliyemkamata. Mtu anayelipa ili akubaliwe huwa anapunguza bei, anatafuta punguzo. Aliyekwisha kukubaliwa ndiye anayeweza kulipa kwa mkono mkunjufu kiasi kile.

Halafu mtazame Yuda. Hili watu wengi hawaligusi. Yuda alijuta, alirudisha hela zote, vipande 30, na aliungama kwa mdomo wake kwamba amekosa kwa kusaliti damu isiyo na hatia, Mathayo 27. Ukihesabu kwa vigezo vya kikoba Yuda alifanya kila kitu. Ila alizirudisha kwa wale makuhani waliokula naye njama, wakamjibu haya yatupasa nini sisi, yaangalie haya wewe mwenyewe. Akatoka peke yake na dhambi yake akaenda kujinyonga. Petro yeye usiku ule ule alimkana Yesu mara tatu akiwa anaota moto wa makaa, Yohana 18 inautaja ule moto. Petro hakuwa na cha kurudisha, utarudisha nini kwa kumkana mtu. Alilia kwa uchungu akabaki na wenzake, hakujitenga. Na Yohana 21 tunamkuta tena mbele ya moto wa makaa, ufuoni, Yesu kachoma samaki. Na neno la Yesu kwao siku ile lilikuwa njoni mfungue kinywa. Wakala kwanza. Wakishakula ndipo akamuuliza Petro je, wanipenda, mara tatu, na ya tatu ilimhuzunisha. Alilishwa ndipo akaguswa kidonda. Mimi nikifikiria ile harufu ya makaa, na huku kwetu mwezi wa sita kila nyumba ina jiko la mkaa ndani, huwa najiuliza Petro aliweza vipi kumeza ule mkate.

Paulo aliziita hizi huzuni mbili, 2 Wakorintho 7, moja ya jinsi ya Mungu inaleta toba, nyingine ya dunia inaleta mauti. Kwa uzoefu wangu wa kukaa na watu, huzuni ya dunia muda wote inajitazama yenyewe, nitaonekanaje, mimi mwanakwaya mimi, nimewezaje. Ile nyingine inageuza shingo kumtazama uliyemuumiza. Kwenye meseji yako ndefu yote umeniambia wewe hulali, wewe unatetemeka. Yule mama umemtaja mara moja kwamba alilia. Je, yeye analala?

Wazee wa Unyakyusa tangu kabla ya injili walikuwa na jambo hili, kwamba watu wa ukoo hawawezi kufanya tambiko huku mtu ana hasira kifuani, lazima kwanza kila mwenye neno alitoe nje lisikike, la sivyo lile neno lililofungiwa litadhuru watu. Sisemi turudi kwenye matambiko. Nasema walijua kwamba neno lililofungiwa linaoza. Na Wamoraviani, maana naona na wewe ni Mmoraviani kama mimi, historia yetu imeanzia hapo hapo. Wale watu wa Herrnhut kule Ujerumani walikuwa wanagombana vibaya sana, wakimbizi wa imani tofauti kijiji kimoja, na uamsho uliwashukia tarehe 13 Agosti 1727 kwenye Meza ya Bwana, baada ya majuma ya watu kuendeana na kupatana. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kwenye mti huo. Na kwa Wamoraviani wa zamani kabla ya Meza ya Bwana kulikuwa na mazungumzo ya mmoja mmoja, unaulizwa moyo wako ukoje. Siku hizi tunapanga foleni tu.

Na tusijione sisi Waprotestanti ndio tunajua, ungeenda kwa paroko kwenye kitubio angekusikiliza, angetunza siri mpaka kaburini, na asingekuacha na sala peke yake. Katekisimu yao namba 1459 iko wazi, aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mtu jina alisafishe. Kwenye hili wote tuko upande mmoja.

Sasa huyu wa sadaka ya ukombozi 150,000. Sitamtaja wala simjui, ila jambo lenyewe lina miaka zaidi ya 500. Kilichomfanya Luther achukue kalamu 1517 ni kwamba kuna watu walikuwa wanazunguka wanauza vyeti vya msamaha, unalipa unapata karatasi. Leo hamna karatasi, kuna namba ya Lipa. Mtu aliyesikia habari ya kwamba umemwibia mama wa viazi, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye hela ya kupewa yeye badala ya kumpa mama wa viazi, huyo hata kama ni mpakwa mafuta wa namna gani usimpe. Hiyo hela ina mwenyewe.

Niseme na la kwangu, maana nisije nikaonekana nahubiri kutoka juu ya mti. Nilipokuwa mwinjilisti kijana, mtaa mmoja wa milimani huko Rungwe, nilipewa hela ya kununua saruji mifuko sita. Nikanunua mitano. Ule wa sita ulinunua viatu, nilikuwa naona aibu kusimama mimbarini na vile vyangu. Miezi saba nikahubiri na viatu vile, na kila nilipovifunga kamba nilijua ninachofunga. Mwisho nikashindwa, nikaenda kwa mzee wa kanisa mmoja usiku, mvua inanyesha, nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu akachochea moto, halafu akasema, tulijua, mifuko tuliihesabu siku ile ile uliyoshusha. Nikamuuliza sasa mbona hamkusema. Akasema tulikuwa tunakuombea uje mwenyewe. Aisee. Nililia kuliko nilivyolia kwenye msiba wa baba. Miezi saba yote mimi nahangaika kuficha na wao walikuwa wamekaa wananingoja mlangoni. Lakini usidhani yaliishia kwenye machozi, kesho yake aliniambia leta mfuko, na nikawekwa kando nisihubiri miezi mitatu, na siku ya kurudi kundini nilisimama mbele nikataja kosa kwa jina lake. Ile miezi mitatu nimekuja kuiona ndiyo chuo changu cha uchungaji.

Na hapo naomba niseme kitu kitakachowaudhi wachungaji wenzangu. Makanisa yetu huku nyanda za juu tuna nidhamu kali sana kwa binti aliyepata mimba, anatengwa, anarudishwa mbele ya watu wote, na kijana wa kiume mara nyingi hata hatumtafuti. Lakini aliyekula hela ya kikoba, aliyepunja wakulima wa Umalila kwa lumbesa, tunampa kuwa mweka hazina wa ujenzi. Tumeifanya dhambi iwe ni kitu cha chumbani tu. Nimemaliza.

Sasa ufanyeje. Usianze na kusimama kanisani wala kuandika kwenye grupu la WhatsApp la kikoba. Najua uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda miaka ya 1930 uliwafundisha watu kuungama hadharani na ulizaa matunda mengi, ila ungamo linatakiwa liwe na upana wa kosa. Kosa lilianzia kwa mtu mmoja, anza na huyo mmoja. Kabla hujaenda mwambie mume wako, maana kama hajui utakuwa unabeba siri mbili, na hela itatoka nyumbani kwenu wote. Mwambie na mchungaji wako wa hapo, au mama mmoja mtu mzima mwenye kufunga mdomo, aende na wewe au abaki akikuombea. Yakobo 5:16 inasema ungameni ninyi kwa ninyi, wala haisemi kwa kila mtu.

Ukifika kwake usizunguke. Usiseme "kama nilikukosea", usiseme "unajua kipindi kile mtoto alikuwa anaumwa". Atajua la mtoto, mwachie yeye mwenyewe alikumbuke. Sema: ile hela ulinipa, niliiba, na kwenye kikao nilisema uongo juu yako. Halafu nyamaza. Hapo utasikia kutaka kujaza maneno, usijaze. Mkabidhi hela yake, 180,000 na ile faini 20,000, hizo laki mbili. Mimi ningeongeza ile sehemu ya tano ya Walawi, 40,000, iwe 240,000, sio kwa sababu Mkristo yuko chini ya sheria ile, ila kwa sababu mwaka mzima ule mtaji ungemzalishia na wewe unajua kuliko mimi riba ya kikoba. Ukisharudisha usimwambie "nisamehe basi" huku umemshika mkono. Omba mara moja umwachie. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukutangaza soko zima. Anaweza kwenda serikali ya mtaa au hata polisi, ana haki hiyo, na kabla hujaondoka nyumbani uwe umeshaikubali. Msamaha wake ni mali yake, ule wa Mungu hautegemei wake.

Halafu kuna jina. Hela unaweza kuirudisha kibandani wawili mkiwa peke yenu, jina lake lilichafuliwa kwenye kikao, litasafishwa kwenye kikao. Nenda kwa mwenyekiti wenu, mwambie, na muombe nafasi kabla ya mambo mengine yote ya ajenda, useme mbele ya akina mama wale wale. Uhazini uachie siku hiyo hiyo, usingoje kuondolewa. Kwaya nayo mwambie mwalimu wako unapumzika kwa muda, mchungaji wako ataona ni muda gani. Hilo najua litakuuma kuliko hela.

Kuna wengine wanaosoma hapa ambao habari yao sio hii. Kuna kijana wa chuo hapo Iringa ananiandikia karibu kila mwezi kuhusu daftari aliloiba darasa la tano, alishamlipa mwenyewe, mwenyewe alishacheka na kusahau, na bado anaungama. Kwako wewe kijana nasema tofauti kabisa na ninavyomwambia huyu mama: acha. Wewe huna pa kwenda tena, umeshafika. 1 Yohana 3:20, moyo wetu ukituhukumu Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu. Ukiona inarudi na usiku hulali kwa majuma kadhaa nenda na hospitali, sio dhambi, kuna mioyo inaumwa kama tumbo linavyoumwa.

Mwanangu, umeniambia ile 150,000 umeshaitenga. Basi umebakiza 90,000. Usisubiri ikamilike, maana ukisubiri utaizungusha. Nenda kesho alfajiri kabla hajashusha magunia na wateja hawajajaa, hiyo uliyonayo mpe, iliyobaki mpangie siku ya kumalizia mbele ya huyo utakayeenda naye, muandikiane na asaini. Safari hii shahidi awepo.